Hongo za Mtoto wa Kitabuni

Mwaka ule, wa nne tangu garimoshi lifike Dodoma, kipupwe kilikuja na vumbi la kuziba pua, ng'ombe wakabaki mifupa na maneno yakawa mengi. Nyuma ya stesheni, kwenye kivuli cha tangi la maji, kulikuwa na mataruma ya chuma yaliyobaki reli ilipokwisha kutandikwa. Wadachi waliyapanga juu kwa juu, wakayasahau. Abbasi muuza kahawa akaona hapana kiti kizuri kama hicho katika mji mzima, akaweka jiko lake la mkaa pembeni, mdila wake ukawa hauondoki motoni. Ukitaka kujua nani kachapwa bomani, nani kahama kwa ajili ya kodi, mvua itakuja lini, ulikwenda pale ukapewa jibu. Jibu lilikuwa la uongo mara nyingi, lakini lilikuwa la moto. Wenyewe wa kijiwe walijulikana. Shaban waliyemwita Hamsa-Ishirini, kwa kuwa aliwahi kulazwa chini bomani akapigwa viboko vyote ishirini na vitano, na akatoka na majivuno. Petro Nusu Mwalimu, aliyesoma misheni akaondoka kabla hawajammaliza. Chidosa, mfugaji wa Kigogo, sikio limetobolewa tundu la kuingia kopo la ugoro, mtoto wa mtu aliyepokea hongo, ushuru wa kupita, kwa misafara ya zamani. Na Mrisho, waliyemwita Mzee Njia, maana alibeba meno ya tembo kutoka Ujiji hadi Bagamoyo mpaka mabega yakaota sugu, na kila kisima cha njiani alikijua kwa jina.

Siku hiyo Mrisho alikuja mchana, amechelewa, hakusalimu mtu. Abbasi alimpa kikombe, nusu ya kahawa ikamwagika mchangani.

— Unamwaga kahawa, Mzee Njia, alisema Abbasi. Homa?

— Bora ingekuwa homa. Sikuzani anaondoka leo.

— Kwenda wapi?

— Ulaya.

Petro alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akanyamaza, akajifanya anakohoa.

Mrisho akaeleza. Bwana Stesheni, yule Mdachi mkubwa wa stesheni, anakwenda likizo kwao, yeye na Bibi mkewe na mtoto wao Lena, na Lena hali wala halali bila yaya wake, naye ni Sikuzani. Basi asubuhi alikuja askari nyumbani kwa Mrisho, akasema binti yako ajitayarishe, garimoshi la alasiri. Hakuuliza, alitoa habari. Watarudi mvua za mwakani zikiisha, ndivyo alivyosema, na akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

— Ulaya hii hii ya kwenye kitabu? aliuliza Chidosa.

— Kwani iko nyingine?

Habari za kile kitabu wote walikuwa nazo. Kilikuwa kitabu cha Lena, kina picha. Bibi alimsomea mwanawe kila jioni kidogo. Lena, aliyezaliwa huku na Kiswahili anakijua kuliko Petro, alimsimulia Sikuzani asubuhi yake wakati wa kuchana nywele. Sikuzani alimsimulia baba yake akisonga ugali, na Mrisho aliyaleta yale maneno kijiweni yangali ya moto, siku baada ya siku, tangu mavuno.

Na msidhani waliyasikiliza kama watoto wanavyosikiliza mambo ya sungura na fisi. Mrisho alikulia msafarani. Huko, mtu anayetoka mbele ya njia aliketishwa, akapewa maji, halafu akaulizwa habari ya njia: kisima kiko wapi, hongo inalipwa kwa nani, nani mkali. Aliyesema uongo juu ya njia aliua watu mia kwa kiu. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu. Sasa Mrisho aliposikia habari ya mtoto aliyeshika njia, akapita lango na lango, na kila lango lina mlinzi na kila mlinzi anataka malipo yake, hakuwa na shaka yoyote. Hiyo ni habari ya njia. Tena imeandikwa! Na Petro alikuwa amethibitisha kwamba Mzungu haandiki mchezo. Akikuandika kodi, utalipa.

— Hebu tuipange upya, alisema Shaban, akavuta taruma karibu. Tuipange taratibu, tusiogope kabla ya wakati. Alitokaje kwao?

— Nyumbani kwao kuna jiko la kuotea moto, kubwa, limejengwa ukutani, alisema Mrisho. Nyuma ya jiko kuna kilango cha kupita paka. Akaambiwa asikifungue.

— Akakifungua, alisema Abbasi.

— Akakifungua. Akatokea nchi nyeupe, inang'aa kama chumvi ya Bahi, hakuna jani wala ndege. Mbele kuna lango. Mlinzi wake nyegere, amevaa koti.

— Koti la askari? aliuliza Shaban.

— Koti. Sikuuliza la nani. Akamwambia vua viatu. Akavua.

Chidosa alilitoa kopo lake sikioni, akanusa ugoro, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

— Hapo ndipo ninapoumia kila siku, alisema. Marehemu baba yangu alikuwa mpokea hongo wa mtemi. Msafara ukifika, siku ya kwanza hapokei. Wanaleta nguo, anazitazama, anacheka, anawarudishia. Siku ya pili wanaongeza waya. Anasema mtemi anaumwa. Wanabishana hata mbuzi wanaishiwa majani! Huyu mtoto anaambiwa vua, anavua. Nani alimtuma safari mtoto asiyejua kubishana?

— Mtoto mdogo, Chidosa.

— Na mlinzi je, mdogo? Nawaambieni, mpokea hongo anayepokea bila kubishana ana sababu. Anajua mbele yuko mwenzake atakayechukua kikubwa zaidi.

Mrisho akamgeukia. Neno hilo Chidosa alikuwa hajawahi kulisema.

— Lango la pili, alisema Shaban haraka.

— Bibi kizee wa manyoya ya bata. Alitaka nywele. Akamkata zote kwa mkasi.

— La tatu.

— Kunguru. Alitaka kivuli. Akakikunja kama shuka, akakitia kwapani, mtoto akaendelea na safari juani bila kivuli.

— Toba! alisema Abbasi. Kila siku nalisikia hilo na kila siku nywele zinanisimama.

— La nne ni mtu asiye na uso. Alitaka wimbo. Ule aliokuwa akiimbiwa na mama yake. Akautoa, na tangu hapo akawa haukumbuki tena. La tano ni lango jeusi, mlinzi wake haonekani, anasikika tu akihema upande wa pili. Hapo ndipo tulipofika. Juzi Bibi alifunga vitu vyote vya safari, na kitabu kimo sandukuni.

— Kwa hiyo hongo ya lango la mwisho hatuijui, alisema Petro.

— Hatuijui.

Upepo ukaja na vumbi, Abbasi akafunika mdila kwa kitambaa. Shaban alikuwa ametumbua macho, kama mtu anayehesabu kitu asichotaka kukihesabu.

— Mrisho, alisema polepole. Sikuzani alikuwa na furungu miguuni. Zile za shaba.

— Za marehemu mama yake.

— Siku hizi simsikii akipita. Zamani ukisikia chwa chwa chwa unajua ni yeye anakwenda kisimani. Ziko wapi?

Mrisho alikitua kikombe.

— Bibi alimwambia azivue. Zinamwamsha mtoto.

— Miguuni hapo, alisema Shaban. Vua. Akavua.

— Acha hizo, Shaban! alifoka Abbasi.

— Siachi! Nywele zake je? Alikuwa na mabutu mazuri yule binti. Juzi nimemwona kichwa kitupu.

— Bibi alimkata, alisema Mrisho. Kwa mkasi. Alisema ni kwa ajili ya chawa.

Sasa hata Chidosa aliacha ugoro. Petro, ambaye siku zote aliona aibu kuogopa kwa kuwa alibatizwa, alikisogeza kiatu chake karibu na kiatu kingine.

— Sasa nani ana moyo wa kuuliza la kivuli? alisema Shaban.

Hapakuwa na haja. Mji mzima ulikuwa umeona. Jumapili iliyopita Bwana Stesheni alilisimamisha sanduku lake la miguu mitatu mbele ya nyumba, akajifunika kitambaa cheusi, akawapiga picha: yeye, Bibi, Lena kwenye kiti, na Sikuzani amesimama nyuma ya Lena, mikono imenyooka. Kisha akakitoa kioo kilichoshika sura zao kutoka ndani ya sanduku, akakifunga kwa kitambaa, akakitia kwapani.

— Kwapani, alirudia Abbasi. Mimi mwenyewe nilikuwa napita na makaa. Alikitia kwapani.

— Basi njia si ya huko, alisema Petro, na sauti yake ilikuwa imekauka. Njia imeanzia hapa hapa. Malango matatu keshapita, naye bado yuko Dodoma.

Mrisho alishika taruma kwa mikono miwili. Kulikuwa na jambo ambalo hakutaka kuwaambia. Majuzi Sikuzani alikuwa anasaga, na huku anasaga anaimba kwa sauti ya chini wimbo wa Kidachi wa kumlaza Lena. Mrisho akamwambia, mwanangu, hebu niimbie ule wa mama yako wa kusaga, siku nyingi sijausikia. Binti akaanza, akafika katikati, akasimama. Akarudia mwanzo, akasimama palepale. Akacheka. Umenipotea, baba, alisema. Na Mrisho naye akacheka siku ile, mpumbavu mkubwa, akaomba mboga.

Akawaambia.

Kule stesheni wapagazi walikuwa wanapandisha masanduku, na sauti ya msimamizi ilisikika ikikemea.

— Mimi nilipokuwa misheni, alianza Petro.

— Usianze, alisema Abbasi.

— Nilipokuwa misheni lilikuja sanduku kutoka Ulaya. Limejaa wanasesere. Wasichana wa kutosha shule nzima, wamevaa, wana nywele za kweli. Nywele za mtu, nimezishika kwa mkono wangu! Ukimsimamisha anafumbua macho. Ukimlaza, anafumba.

— Anafumba mwenyewe?

— Mwenyewe. Niambieni, nani alimfundisha kulala? Mimi tangu siku ile nimekuwa najiuliza, na leo nimepata. Hao ndio waliomaliza malango. Walilipa vyote mpaka wakabaki na macho tu, na la tano linachukua sauti.

— Wewe Petro una wazimu, alisema Chidosa, lakini alisogea. Sauti haina faida. Mtu anayehema gizani, mwenye njaa ya hivyo, hataki sauti. Anataka jina la ukoo. Akishalichukua, hata ukirudi, babu zako hawakujui, wanakupita tu.

— Na lile garimoshi, alisema Shaban, mnadhani linalia kwa nini? Linakula kuni, sawa. Linakunywa maji, sawa. Mtu aliyeshiba analia?

— Nyamazeni! alisema Mrisho.

Alikuwa ameinuka, uso umesawijika, na walimwona kwa mara ya kwanza kuwa ni mzee.

— Nina mtoto mmoja, alisema. Mama yake alinifia mikononi, akaniachia huyu. Nimetoka nyumbani kuja kwenu mniambie nifanye nini, na ninyi mnanipikia mambo ya kunitia kichaa. Saa zinakwenda. Nifanye nini?

— Umfiche, alisema Chidosa mara moja. Mlete kwangu. Tembe yangu ina vyumba vya ndani, giza, ng'ombe wamelala mlangoni. Nani atamwona?

— Askari atamwona, alisema Mrisho. Na asipomwona atachoma tembe, na ng'ombe watakuwa wa boma.

Chidosa aliangalia chini. Alijua. Wote walikuwa wameuona moshi siku nyingine, kwenye tembe za watu wengine.

— Basi ukatae, alisema Petro. Nenda useme hapana, kwa adabu.

Wote wakamgeukia Shaban. Habari ya kukataa bomani alikuwa nayo yeye, na aliipenda kuisimulia: namna alivyolala pale akihesabu kwa Kidachi, namna alivyocheka kwenye kiboko cha mwisho, namna askari mwenyewe alivyochoka. Walingoja acheke. Shaban alijipangusa mdomo.

— Sikucheka, Mrisho, alisema. Nilimwita mama yangu mpaka sauti ikakatika. Nami nilikuwa kijana, nina nyama mgongoni. Wewe wa umri huu hutamaliza kumi.

Mrisho akakaa tena. Aliogopa kukataa, na aliogopa kunyamaza, na hofu hizo mbili zilimbana kama mzigo uliofungwa vibaya. Abbasi akammiminia kahawa nyingine bila kuulizwa. Hakuinywa.

Hapo ndipo alipokuja Yudith wa Mvumi, aliyeuza maziwa, kibuyu chake kichwani. Mara chache alipumzika pale, kwa kuwa wanaume wa kijiwe walikuwa na maneno na yeye alikuwa na kazi.

— Mbukwenyi, alisalimu.

— Mbukwa, alijibu Chidosa kwa niaba ya wote.

Alikitua kibuyu kivulini, akawatazama mmoja mmoja. Akauliza nani kafa. Abbasi akamweleza kwa kifupi: binti wa Mrisho, safari ya Ulaya, na mtoto wa kitabuni aliyekwenda njia hiyo hiyo, malango na hongo zake. Yudith alisikiliza mpaka mwisho bila kuguna.

— Na huko nyumbani, aliuliza, huyo mtoto alimwacha nani wa kumshikia mwiko?

— Vipi?

— Nauliza tu. Alitoka kwao, akaenda njia mbaya hivyo. Nyumbani nani alikuwa anamshikia? Mume wangu alipokuwa akienda pwani na mizigo, mimi sikunyoa, sikujipaka mafuta, wala mafiga hayakusogezwa mpaka arudi. Mchungaji alinikemea kanisani mbele za watu. Sikunyoa. Na alirudi, kila safari alirudi. Sasa huyo mtoto wenu, nani alimshikia?

Shaban alimtazama Petro. Petro alimtazama Chidosa. Tangu mavuno walikuwa wamebishana juu ya nyegere na koti lake, juu ya mkasi, juu ya kunguru. Walijua rangi ya lango la tano. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nyumbani alibaki nani.

— Kitabu hakikusema, alisema Mrisho.

— Basi ndiyo maana kila lango lilimnyang'anya, alisema Yudith, na akakipandisha kibuyu chake kichwani. Akaenda zake.

Mrisho akakumbuka. Safari zake zote, Ujiji, Tabora, Bagamoyo, alipita penye ndui, penye simba, penye njaa ya kula ngozi. Wenzake aliwazika njiani. Yeye alirudi, na akirudi alimkuta mkewe mlangoni, nywele zimesimama kama kichaka, ngozi imepauka kwa kukosa mafuta, anacheka. Siku zote alijisifu kwamba ni miguu yake iliyomrudisha.

Na kabla hajasema lolote, Sikuzani akatokea kwenye kona ya tangi. Walimsikia kabla ya kumwona, lakini haikuwa chwa chwa ya furungu. Alikuwa amevalishwa viatu, vyeusi, vya ngozi, na vililia kila alipokanyaga. Kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Mkononi ana kifurushi kidogo.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, mama, walijibu kwa pamoja, na hakuna aliyeweza kumtazama usoni.

Alimwendea baba yake, akachuchumaa mbele yake. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, na alijitahidi kutabasamu.

— Nimepewa ruhusa ya kuaga. Kidogo tu. Lena analia.

— Unaogopa? aliuliza Mrisho.

— Naogopa, baba.

— Chidosa ana tembe. Sema neno, tunakwenda sasa hivi, hivi hivi tulivyo.

Chidosa aliinuka pale pale, na ajabu ni kwamba alikuwa amekusudia kweli. Sikuzani alimtazama, akatikisa kichwa.

— Halafu wakuchape wewe? Wachome kwa Mzee Chidosa? Nitakaa humo gizani nasikia unachapwa? Hapana, baba. Nitakwenda.

Mrisho akamshika mikono. Ilikuwa baridi, na jua lilikuwa kali.

— Kitabu, alisema. Lile lango la mwisho. Alilipa nini?

Binti aliinamia viatu vyake.

— Hakulipa kitu, alisema. Lena aliniambia leo asubuhi. Lango lilifunguka lenyewe, akapita, akarudi kwao salama. Wakampikia, akala.

— Alirudi kwa njia ipi?

— Hiyo hiyo.

— Alikunywa maji wapi?

Sikuzani alifungua mdomo, akaufumba. Mrisho alikuwa amewauliza habari ya njia watu wasiohesabika, na anayetoka njiani kweli hilo ndilo hulisema la kwanza, hata kabla ya kuketi. Akajua kwamba mwanawe hakuusikia mwisho wowote. Ameutunga, hapo hapo, kwa ajili yake.

— Mtoni, alisema Sikuzani. Kulikuwa na mto.

— Vizuri, alisema Mrisho. Maji ya mto ni mazuri. Basi alirudi.

— Alirudi, baba.

Garimoshi likalia. Shaban aliruka kama aliyechomwa. Sikuzani akainuka, akampa kila mzee mkono, na alipofika kwa Abbasi, Abbasi akamtilia karanga kwenye kifurushi. Viatu vikalia mpaka kwenye kona ya tangi, vikaacha kusikika.

Wao hawakuruhusiwa kukaribia behewa. Waliona moshi tu, na mabehewa yakipita katikati ya nyumba na nyumba, na mkono kwenye dirisha moja, mweupe, mdogo, wa Lena. Kama kulikuwa na mkono mwingine, vumbi liliuficha.

Mrisho aliporudi kuketi, kikombe chake kilikuwa pale pale, kimepoa. Aliimwaga kahawa mchangani. Akakipindua, akakiweka kifudifudi juu ya taruma la mwisho, upande wa reli.

— Sinyoi, alisema. Sijipaki mafuta. Mafiga nimeyaacha yalivyo tangu asubuhi, sikujua kwa nini. Na kahawa yako, Abbasi, ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote duniani, sinywi mpaka nimwone.

Huo ulikuwa mwiko wa wanawake. Tangu dunia iumbwe, katika watu wa msafara, hapakuwa na mwanamume aliyekaa nyumbani akamshikia mtu, na siku nyingine Shaban angecheka mpaka aanguke, na Petro angetoa hotuba. Walikaa. Abbasi aliviosha vikombe vingine, hicho akakiacha pale kilipo.

Hicho kilikuwa kipupwe. Kabla vumbi halijatulia, habari ilikuja kwa waya mpaka bomani, na kutoka bomani mpaka kijiweni: huko Ulaya Wazungu wameanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, na meli haziendi wala hazirudi. Mwanzoni walibishana, maana ni kijiwe. Halafu garimoshi likaanza kuleta askari badala ya masanduku, ng'ombe wa Chidosa wakachukuliwa na boma kwa ajili ya nyama, na ubishi ukapungua. Mrisho alikuja kila siku. Alikaa taruma la mwisho, nywele na ndevu zimeota mvi hovyo, ngozi imepauka, akasikiliza mazungumzo na kunusa kahawa.

Mvua za kwanza zilipoanza kutishia, askari mmoja mgeni, kijana wa bara ya mbali, alishuka garimoshini akaja kuomba kahawa. Vikombe vyote vilikuwa mikononi mwa watu. Akaona kimoja kimepinduliwa peke yake mwisho wa taruma, akanyoosha mkono.

— Kiache! walisema wote, Shaban, Petro, Chidosa na Abbasi, kwa sauti moja.

Askari akaurudisha mkono, akacheka.

— Ala! Watu wazima mnaogopa kikombe?

Mrisho akasogea kidogo, ampishe akae.